Transista Mbili na Sufuria Mbili

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kuunguza transista mbili mbele ya bibi harusi. La pili, lililoniumiza zaidi, lilikuwa kuzilaumu zile transista.

Harusi ilikuwa hapa Ilomba, pembeni mwa mji wa Mbeya, nyumba ya nne kutoka chumba nilichopanga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ufundi wa redio nilijifunza bila mwalimu, kwa kufungua redio mbovu na kusoma kitabu kimoja cha Kiingereza kisicho na jalada wala kurasa za mwisho. Amplifaya niliyoiunda mwenyewe ilipaza nyimbo vizuri kwa saa nzima. Kisha mjomba wa bibi harusi akashika maikrofoni kutoa nasaha. Jua lilikuwa kali uwanjani. Sauti yake ikaanza kukoroma, ikafifia, ikazimika, halafu ikaja harufu. Mjomba hakugundua. Aliendelea kumwasa bwana harusi kwenye maikrofoni iliyokufa, watu wanacheka. Nilibeba boksi langu, nikapita nyuma ya nyumba, nikalia.

Kwa asiyejua mambo haya: transista mbili kubwa ndizo moyo wa amplifaya. Nyingine zote ni wasaidizi. Zile za zamani, ambazo ndizo zilizokuwa madukani, zilikuwa na ugonjwa mmoja. Zikipata joto hupitisha umeme mwingi zaidi, na umeme ukizidi hupata joto zaidi, zinaendelea hivyo hivyo mpaka zinajiua. Kitabu changu kilisema kuna aina mpya, za silikoni, zinazovumilia joto. Niliposoma ukurasa huo niliapa sitaunda amplifaya nyingine mpaka nizipate.

Mjini Mbeya kulikuwa na duka moja la vipuri vya redio. Mwenye duka alikuwa mzee mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea. Bidhaa za nje miaka ile zilikuja kwa kibali, na kibali kilikuja kilipotaka.

"Za silikoni zimekuja, mzee?"

"Meli iko njiani."

"Na hizi?" Chini ya kioo cha kaunta zililala transista mbili za aina ya zamani.

"Hizi zipo. Chukua."

"Nasubiri."

Mazungumzo hayo tuliyarudia karibu kila Jumamosi kwa zaidi ya mwaka. Lazima nikiri kwamba kusubiri kulinipendeza. Wakati nasubiri nilikuwa fundi asiye na doa. Nilichora michoro mizuri, kila mstari kwa rula, nikaifuta na kuichora upya kwa sababu herufi moja ilikaa upande. Mchoro hauungui.

Aliyeumia ni dada yangu. Ameolewa Ipogolo, kule chini ya mji wa Iringa, na anaimba katika kwaya ya usharika wake wa Kilutheri. Kila mwaka kwaya za sharika za jirani hukutana kuimbiana. Mwaka uliotangulia nilimwahidi amplifaya, kisha siku chache kabla nikamwandikia barua ndefu kueleza ubora wa silikoni na kumwomba asubiri. Waliimba uwanjani bila chochote, upepo ukachukua sauti. Watu wa nyuma waliulizana huo ni wimbo gani. Na dada alikuwa amekwisha kuwatangazia wenzake kwamba mdogo wake wa Mbeya ni fundi.

Safari hii mkutano ulikuwa uwanjani kwao, Ipogolo, na kwaya ya dada ndiyo mwenyeji. Siku kumi na mbili kabla, alipanda basi akaja mwenyewe. Alinikuta mlangoni na kitabu mkononi. Hata mzigo hakuutua.

"Iko wapi?"

"Dada, karibu kwanza. Shikamoo."

"Marahaba. Iko wapi?"

Nikamwonyesha mchoro. Aliutazama mbele na nyuma, kama anayetafuta mahali pa kuwashia.

"Mdogo wangu, hii inaimba?"

"Kilichobaki ni transista tu. Mzee wa dukani anasema meli..."

"Meli! Mbeya hii ina bahari?" Akaketi kitandani. "Sikiliza. Mwaka jana walinicheka, nikanyamaza. Mwaka huu nimesimama mbele ya mwalimu wa kwaya nikasema, atakuja. Nisiporudi na kitu, sirudi kwenye kwaya. Nitakuwa nakwenda kanisani nakaa nyuma, basi."

Aliimba tangu akiwa msichana. Nilijua hatanii. Nikasema nitampikia chai. Niliweka sufuria ndogo kwenye jiko la mkaa uani, nikaenda kuchota maji, na njiani nikakumbuka kitu cha kuangalia katika kitabu. Nikaangalia. Nilishtuliwa na kelele zake.

"Wewe! Umeinjika sufuria tupu!"

Nilipotoka, kitako cha sufuria kilikuwa kimeyeyuka na kutoboka, tundu la kupitisha kidole. Dada alikuwa ameishika kwa kanga, anaipunga mbele ya uso wangu.

"Hata mtoto anajua. Ingekuwa na maji ingeungua hii? Ingeungua?"

Nilisimama pale na kopo langu la maji. Mkaa ule ule, moto ule ule. Penye maji sufuria inakaa siku nzima na haidhuriki, kwa sababu maji yanachukua joto. Siku ya harusi transista zangu nilizifunga ndani ya boksi la mbao, nikazifunika vizuri na kitambaa cha mauamaua ili zipendeze. Hazikuwa na ubaya wowote. Mimi ndiye niliyeziinjika tupu.

"Dada," nikasema, "una sufuria mbili ndogo?"

"Nimekuja na nguo mbili na Biblia, sufuria za nini?"

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani kabla halijafunguliwa. Mzee aliponiona akanyanyua mkono kwa furaha.

"Fundi! Leo nina habari yako. Za silikoni zimeshuka bandarini Dar. Barua hii hapa. Wiki mbili, tatu, ziko kwenye kaunta hii."

Sijui kwa nini habari njema huwa zinachagua siku kama hiyo. Wiki mbili, tatu. Pengine mbili. Pengine mkutano ungeahirishwa. Tayari kichwani nilikuwa naanza kumwandikia dada barua, na dada mwenyewe amelala kitandani kwangu Ilomba. Nilitazama chini ya kioo. Zile mbili zilikuwa na vumbi.

"Nipe hizi, mzee."

Akavua miwani. "Mwaka mzima unaniimbia silikoni. Leo zimefika unataka hizi?"

"Zimefika Dar. Mimi nina siku kumi na moja."

"Zikiungua usinirudishie."

"Haziungui."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwingine kabisa. Kisha nikaenda sokoni kununua sufuria mbili.

Kazi ilichukua siku sita. Nilipiga ubavu wa kila sufuria kwa nyundo mpaka ukanyooka, nikaifunga transista hapo kwa skrubu, juu, karibu na ukingo. Chini yake nilikwaruza alama kwa msumari: maji yaishie hapa. Kulehemu nililehemu kwa kipande cha shaba nilichokichoma kwenye mkaa. Na kwa kuwa ganda la transista lenyewe lina umeme, sufuria hizo mbili hazikuruhusiwa kugusana hata kidogo. Nilizipigilia kwenye ubao, kila moja upande wake. Dada alizitazama akasema, "Wake wenza." Jina likabaki hilo. Amplifaya yenyewe ilikuwa mbaya kuitazama. Mimi niliyefuta mchoro kwa sababu ya herufi moja, nilikuwa nimeunda kitu kinachofanana na jiko la mama ntilie. Niliijaribu kwa betri ya gari saa tatu mfululizo, kidole changu kikiwa kwenye transista muda wote. Haikukoroma.

Kwenye basi niliibeba mapajani. Tuliposimama Nyololo, baridi imeshika, mama mmoja muuza mahindi ya kuchemsha akachungulia dirishani. "Kaka, unapika nini? Sisi tuna njaa huku." Basi zima likacheka, dada akacheka kuliko wote. Mimi nilikuwa nahesabu skrubu.

Ipogolo hakuna baridi ya Nyololo. Siku ya mkutano jua lilitoka mapema. Kwaya zilikuwa saba na watu wamejaa mpaka ukingoni mwa barabara kuu. Nilifunga spika ya honi juu ya mti wa jakaranda, nikaweka ubao wangu mezani, nikamimina maji. Mwalimu wa kwaya, mwanamume mrefu mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri, alikuja kutazama.

"Kamwene, fundi," akanisalimu kwa Kihehe. "Hiki ndicho chombo?"

"Kamwene, mwalimu. Ndicho."

Alitazama sufuria, akamtazama dada. Dada alitazama mbele. "Basi," mwalimu akasema taratibu, "chai yako ikichemka tutaanza."

Kwaya ya kwanza iliimba. Sauti ilitoka kwenye honi safi, nene, ikapanda mpaka juu. Watu waligeuka kutazama mti. Ya pili, ya tatu. Kufikia ya nne jua lilikuwa utosini na maji yalikuwa ya moto. Mvuke mwembamba ulianza kupanda. Kidole changu hakikuvumilia tena. Na kwaya ya dada ilikuwa ya mwisho. Niliomba maji ya baridi kwa mama aliyekuwa karibu, naye alikuja na ndoo nzima, ameinama tayari kumimina.

"Mama, alama! Yasivuke alama!"

"Sufuria gani hii isiyotaka kujaa?"

"Zikijaa tunazima wote."

Akaweka ndoo chini, akacheka, akachukua kikombe. Kuanzia hapo tulifanya kazi pamoja: mimi nachota maji ya moto kwa kikombe, yeye anaongeza ya baridi, kikombe kwa kikombe, bila kuvuka alama na bila kugusanisha sufuria. Wenzake walimwita: "Mama, ugali unaiva saa ngapi?" Akawajibu bila kugeuka, "Mtakula nyimbo leo!"

Kwaya ya wenyeji iliposimama, dada alikuwa mstari wa mbele. Ubeti wa tatu ni wake peke yake. Aliuanza chini, halafu akaupandisha, na honi ikaupeleka. Nilisahau kugusa transista. Kwenye barabara kuu lori lililokuwa linakwenda Mbeya lilipunguza mwendo likasimama, dereva akafungua mlango akakaa na mguu mmoja nje. Nyuma yake la pili likasimama. Hakuna aliyepiga honi. Nyuma kabisa ya umati bibi mmoja mwenye blanketi alikuwa anaimba kiitikio, maneno yote, na mwaka uliotangulia waliokaa mahali kama pale hawakujua hata ni wimbo gani.

Walipomaliza, mwalimu wa kwaya alikuja moja kwa moja mezani na kuinama juu ya sufuria zangu.

"Fundi," akasema, "chai hii tumeinywa." Kisha akamgeukia dada mbele ya wote. "Ulisema atakuja."

"Nilisema," dada akajibu.

Niliondoka Ipogolo na maombi ya amplifaya kutoka sharika nne. Za silikoni zilifika kwa mzee wangu baada ya wiki saba, na ni nzuri kweli, ninazitumia. Amplifaya ya Ipogolo bado inafanya kazi na zile mbili za zamani na sufuria zake. Siku hizi mtu akiniuliza anunue kifaa kilichopo au asubiri kinachokuja, namuuliza anakihitaji lini, halafu namuuliza kilichopo kinauawa na nini. Sichori tena mstari kwa rula kabla sijanunua vipuri.