Mnusaji wa Geti la Nyuma

Hoteli ile ya wazungu pale Malindi ilikuwa na mageti mawili: la mbele la wageni na wakubwa, la nyuma la wafanyakazi weusi. Na mwaka 1984, kwenye geti la nyuma, Randu wa Kakuyuni alisimamishwa kunusa midomo ya wenzake kila asubuhi. Meneja, Bwana Renzo, alidai Waafrika wanakuja kazini na mnazi, ile pombe ya mgema, kichwani. Akamchagua Randu kwa kuwa ni mtu wa kanisa asiyegusa kileo. Anayenuka afukuzwe, na mnusaji akimficha mtu, afukuzwe naye.

Wazungu hawakunuswa, ng'o! Bwana Renzo mwenyewe alianza wiski saa nne asubuhi, na wa kummiminia alikuwa Randu huyo huyo, kwa maana akitoka getini alishinda baa akihudumu. Ukiuliza mbona hakuacha kazi, basi hujawahi kuwa na watoto sita na shamba la mihogo lililokauka.

Jumapili moja wakwe walileta mnazi wa posa ya bintiye, Kadii. Kwao, upande wa baba usipokunywa, posa imekataliwa. Randu akamwendea Baya, nduguye wa ukoo, mwosha vyombo wa hoteli ile ile.

"Ninywee, ndugu yangu."

"Na kesho niko zamu?"

"Kwani anayenusa ni nani? Si mimi?"

Baya akacheka, akashika mrija, akanywa kwa niaba yake mpaka wakwe wakaridhika.

Jumatatu, siku ya siku, Bwana Renzo akaja kusimama nyuma ya Randu. Baya akafungua mdomo bila wasiwasi, karibu atabasamu. Harufu ya mnazi wa Kadii ikamjaa Randu puani. Nyuma ya shingo yake ilipumua wiski ya jana.

"Huyu je?" meneja akauliza.

Randu akawaona wanawe sita, mmoja mmoja.

"Ananuka," akasema.

Baya alikunja aproni yake, akamkabidhi Randu mkononi, akaondoka.

Mwezi uliofuata ikafika siku ya kumtoa bibi harusi. Aliyekunywa wa posa ndiye anayekunywa wa kumtoa, mwingine hafai. Kutwa nzima Randu alikaa roho juu, wakwe wakinong'ona. Mwishowe Baya akatokea, hakusalimu mtu, akavuta mrija. Akina mama wakapiga vigelegele. Kadii alikuwa ameolewa.

Ndipo Baya akamwendea Randu, akamsogelea pua kwa pua, akafungua mdomo na kumpumulia usoni taratibu.

"Haya, ndugu yangu. Waambie."

Vigelegele vikakatika. Randu alitamani ardhi immeze. Watu wote walimtazama, Kadii naye akiwamo.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa getini. Kenga, aliyechukua nafasi ya Baya, akafungua mdomo, na Randu akasogeza pua.