Meno ya Mama Mukubwa Vagheni

Mama yangu, Kavuo, anauzisha maharagi mu soko ya Butembo, na anaongea na baclient mukono ikiwa ku kinywa. Meno ine ya mbele, ya juu, hana. Dada yake mukubwa, Vagheni, naye alipotezaka yake siku ileile: moto, pikipiki ya kubeba batu, ilibaangusha bote mbili mu barabara ya Musienene, mufuko ya maharagi katikati yabo. Balicheka hata na damu mu kinywa, bakasema sasa mutu akibaona kwa mbali atajua ni batoto ya mama moja.

Kisha bakaacha kucheka. Dentiste Michée, munganga wa meno mwenye alitokaka Kasaï na iko na cabinet hapa mujini, alibaelezea. Meno ya kufungia mu mufupa, ile unaenda Kampala, na bei yake ni ya parcelle, ya kiwanja nzima. Ya kugandisha ku meno ya pembeni, dola mia saba. Dentier ya plastiki, yenye unatoa magaribi na kusafisha, dola mia na makumi sita kwa mutu moja. Bibi, mama yabo, alikuwa amebaachia kashamba Musienene, kenye alinunua na biashara yake mwenyewe. Bakakauzisha dola mia mbili. Ikafika ya mutu moja.

Vagheni njo alianza, ju ni mukubwa, na ju aliuzishaka bikwembe, bitenge ya bamama, kule Beni, mu mutaa ya Beu, na kikwembe haiuzike na kinywa ya kufunga. Dola makumi ine yenye ilibakia akaitia mu biashara, akaapa: faida ya kwanza, meno ya mudogo wake. Miaka tatu, kila Noeli, alikuja na meno yake nyeupe, akatuletea sabuni, akasema mwaka kesho. Mama alikuwa anamuangalia kinywa wakati anakula. Mimi nilikuwa naangalia mama.

Mwezi wa pili tension, presha ya damu, ikaua Vagheni. Tulifika Beni asubuyi, mama akaomba amusafishe yeye mwenyewe. Nilikuwa namushikia beseni. Alipomaliza uso, aliingiza bidole mu kinywa ya dada yake, polepole, sawa mutu anatoa kitu mutoto alimeza mubaya, akatoa ile dentier. Akaifunga mu pembe ya kikwembe yake. Mashavu ya mama mukubwa ikaanguka ndani.

Batu balipopita ku sanduku, mujomba Syauswa, kaka yabo, alisimama. Akauliza kwa sauti ya chini meno iko wapi.

"Ile ni shamba yangu," mama akasema.

"Kavuo. Unazika dada yako na kinywa ya maskini?"

"Hii kinywa unaita ya maskini, mimi natembea nayo, kaka. Yeye atalala nayo tu."

Bikwembe yenye ilibakia mu duka ililipa sanduku na chakula ya kilio, ikaisha.

Juma yenye ilifuata mama akavaa robe ya kanisa, akachemsha maji, akaosha ile dentier mara tatu, tukaenda kwa Michée. Mama akamuelezea vizuri: mama moja, moto moja, meno ileile ine. Dentiste akajaribu. Ndoano ya chuma ya ile dentier ilishika hewa upande moja, upande ingine ikachoma nyama. Akasema, bila kumuchekelea, kila kinywa iko na pima yake, hata ya mapacha. Mama akamuomba akate kidogo huku, aongeze kidogo kule. Akasema hapana, ni kuchukua pima mupya na kutengeneza ingine. Mia na makumi sita, nusu mbele.

"Lakini meno iko tayari," mama akasema. "Hii hapa."

"Hulipe meno, mama. Unalipa pima ya kinywa yako."

Siku ya makumi ine tukarudia Beni kwa misa. Kisha, ku kaburi, mama akapiga magoti, akachimba udongo na kijiko yenye alitoka nayo nyumbani, akaweka ile dentier ndani. Syauswa alikuwa nyuma yetu. Niliwaza atamutukana.

"Sanduku iko metre mbili chini, Kavuo," akasema. "Hiyo haitamufikia."

Mama akaendelea kurudisha udongo na mukono moja. Ile ingine ilikuwa ku kinywa.