Mwezi kwa Saa za Kinshasa

Kosa langu la kwanza mbele ya watu lilikuwa la dakika sitini. Nilitangaza redioni kwamba mwezi ungeanza kupatwa saa mbili usiku, wakati hapa Goma ulikuwa uanze saa tatu. Saa hiyo niliitoa kwenye tovuti. Tovuti iliniuliza nchi, nikachagua nchi, ikanipa saa ya mji mkuu. Sisi wa mashariki tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na kila mtoto wa Goma anajua hivyo: televisheni ya taifa ikisema ni saa moja, kwetu ni saa mbili. Mimi pia nilijua. Nilikuwa nimepitia makala ile ya kusoma redioni mara tisa nikitafuta koma zilizokaa vibaya, na saa sikuiangalia hata mara moja.

Jioni ile mama yangu alitoa viti uani akaita majirani. Mwezi ulikuwa mzima juu ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, mweupe, hauna alama. Walingoja hadi saa mbili na nusu. Jirani mmoja akasema, "Mama, mutoto wako ametuandikisha foleni ya bure," wakacheka, wakarudisha viti ndani. Saa tatu ilipofika na mwezi ukaanza kuliwa pembeni, nilikuwa nimesimama peke yangu kwenye mawe ya uani, na sikumwita mtu. Ningeweza kugonga milango. Niliona aibu, nikawaacha wakose kitu ambacho mimi mwenyewe niliwatamanisha. Kosa la saa lilinisumbua siku chache. Ule ukimya unanisumbua bado.

Astronomia sikufundishwa na mtu. Nilianza na kitabu cha fizikia cha Kifaransa kisicho na jalada, nikaendelea na mafaili niliyopakua kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Baada ya kuandika barua nyingi nilipewa dakika kumi kila Jumamosi katika redio ya mtaani, nieleze nyota kwa Kiswahili. Nyumbani nilikuwa na kitabu nilichokuwa nikiandika kuhusu anga, yaani nilikuwa na sura yake ya kwanza, ambayo nilikuwa nikiisafisha kwa miaka miwili. Zile dakika kumi ndizo zilikuwa zinanifanya niitwe mwandishi wa sayansi. Zikiondoka, hakuna mtu angekuwa na sababu ya kuniamini na kitabu.

Mkuu wa vipindi, mama mmoja wa upande wa Bukavu mwenye sauti ndogo, aliniambia nisahihishe Jumamosi iliyofuata. Nilimletea kurasa nne. Zilieleza mzunguko wa dunia, mistari ya longitudo, na jinsi nchi kubwa zinavyogawanya saa. Kosa langu lilikuwa ukurasa wa tatu, katikati ya aya.

Alisoma, akavua miwani. "Papa, hii ni cours ya masomo ao unaomba pardon?"

"Nilitaka wasikilizaji waelewe chanzo."

"Chanzo ni weye."

Nikaomba wiki moja niandike upya. Kisha nikaomba nyingine, na nyingine tena. Jumamosi tatu redio ilirudia vipindi vyangu vya zamani, nami niko nyumbani nafuta sentensi naandika sentensi. Jumatatu ya wiki ya nne alinipigia. Kama sitasema Jumamosi hiyo, alisema, dakika kumi zinakwenda kwa mpira. Halafu akaongeza, "Na mbele ya kuandika tena, enda Kituku. Bale bamama ba sambaza njo banasikilizaka mambo ya mwezi kuliko bote. Usikie bamesema nini."

Nilifika Kituku, soko la samaki kando ya ziwa, asubuhi, mitumbwi imesharudi na samaki wadogo wa sambaza wako kwenye mabeseni. Nilimsalimia muuzaji wa kwanza, mama wa makamo aliyefunga kitenge juu ya koti. Alitambua sauti kabla ya sura.

"Weye njo ule wa mwezi?"

"Njo miye, mama."

"Leo jua itatoka saa ngapi? Ao ingali Kinshasa?"

Wenzake walicheka hadi mmoja akaweka chini mizani yake. Nilianza kumweleza habari ya longitudo. Aliinua mkono wenye magamba ya samaki.

"Ulikosa ao hukukosa?"

"Nilikosa."

"Basi, imeisha. Sasa uniambie kitu ya kunisaidia."

Akanieleza kazi yao. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, sambaza wanafuata mwanga, wavu unawainua. Mwezi ukiwa nje, taa haina nguvu, na mume wake anarudi na beseni nusu. Lakini siku zinazofuata mwezi mpevu, kunakuwa na giza kidogo jioni kabla mwezi haujatoka. "Ile giza inakuwa ya muda gani? Ile njo tunataka. Mambo ya pete za Saturne utaleta kisha."

Jumamosi nilikwenda studio na karatasi yenye mistari mitano. Nilisema nilisoma saa ya Kinshasa nikawapa watu wa Goma. Nilisema pia kwamba mwezi ulipoanza kupatwa niliuona nikanyamaza. Yote hayo hayakufika dakika moja. Dakika tisa zilizobaki nilizungumza juu ya giza la jioni, nikaahidi kuleta saa zake baada ya mwezi mpevu.

Ahadi hiyo ilinitia hofu mpya. Saa za kutoka kwa mwezi zipo kwenye tovuti, lakini zimehesabiwa kana kwamba upeo wa macho ni tambarare. Ukiwa Kituku, mwezi unapaswa kwanza kupanda vilima vya upande wa Rwanda. Nikisoma namba za tovuti nitadanganya tena, safari hii kwa saa sahihi ya Goma. Kwa hiyo nilikwenda kuupima. Jioni tano mfululizo baada ya mwezi mpevu nilisimama mahali pamoja ufukweni, na daftari na simu, nikaandika dakika ambayo ukingo wa mwezi ulijitokeza juu ya vilima. Ulichelewa kila siku, na si kwa kiasi kimoja, kwa sababu kila jioni ulitokea nyuma ya mgongo mwingine wa kilima. Jioni ya nne kulikuwa na wingu. Sikuona kitu.

Mstari ule mtupu kwenye daftari ulinikosesha raha. Nilitaka kungoja mwezi mwingine mpevu nipime tena zote tano. Mkuu wa vipindi hakubishana nami. Aliuliza tu kama wavuvi nao watakaa nyumbani wakinisubiri. Nikaketi nikakisia siku ya nne kutokana na zile zilizoizunguka. Hewani nilisoma saa zote, nikaeleza kuwa wavuvi wazitumie mwezi mpevu ujao wakiongeza au kupunguza kidogo, na kwamba ya nne sikuiona kwa macho yangu.

Baada ya mwezi huo kujaa nilirudi Kituku. Yule mama alikuwa anapimia mteja, hakuniangalia.

"Siku ya ine ulikosa na dakika kumi."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Bwana yangu alivua."

Kipindi bado kipo. Sasa kila mwezi kina saa za giza la ziwa, na wavuvi wananitumia masahihisho yao, ambayo nayasoma kwa sauti. Sura ya kwanza ya kitabu niliacha kuisafisha. Niko kwenye ya tano. Hofu haijaniacha. Kilichobadilika ni kwamba makala inatoka mikononi mwangu kwenda studio kila Alhamisi, iwe na kosa au isiwe nalo, na kosa likionekana nalisema mwenyewe Jumamosi inayofuata.