Majibu ya wamama ambao sikuwauliza

Barua hii imetoka kwa msichana wa upande wa Mboko. Jina lake tumelificha kama alivyoomba.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita. Nimemaliza shule ya masista mwaka huu, na sasa namsaidia Madamu, mama wa kizungu anayefundisha wamama kushona na kutunza watoto. Naandika haya kwa aibu kubwa.

Madamu alitaka kupanga kazi ya kusaidia kijiji chetu. Alinipa daftari, akanituma niulize nyumba kwa nyumba wamama wanataka nini kwanza. Nyumba ya kwanza tu walinicheka.

"Ee, Mademoiseli! Juzi tu tulikuwa tunakupangusa kamasi, leo unatuletea maulizo? Kuja kwanza umenye mihogo!"

Machozi yalinilenga. Nikaenda kukaa nyuma ya kanisa, nikajaza majibu ya nyumba zote mwenyewe, kama tulivyofundishwa shuleni: maji ya bwawa la kijiji yanaleta magonjwa, tunaomba bwawa lifukiwe.

Madamu alifurahi sana. "Bamama yote iko na neno moja!" Wiki ile ile wafanyakazi wakalifukia kwa mawe na udongo.

Lakini maji ya bwawa lile hatukuwa tukiyanywa. Ndimo wamama walimoloweka mihogo mpaka uchungu utoke. Mimi mwenyewe nimeloweka humo tangu utoto, na nilipokuwa naandika sikuliwaza hilo hata kidogo. Sasa wanaloweka mtoni, mbali, na maji yanabeba nusu ya mihogo.

Wamama wanasema aliyepeleka maneno ni Mama Nyasa, mke wa mpishi wa Madamu. Hawamsalimu tena. Mtoni walisukuma kikapu chake: "Loweka kwa Madamu wako!" Nilikuwepo. Niliinamisha kichwa.

Juzi alikuja kwetu. "Mwanangu, we unajua kusoma. Umuulize Madamu ile neno ni nani alisema. Mi nimechoka."

"Ndiyo, mama," nikamjibu.

Akanishukuru, akaniachia ndagala, yaani dagaa, ndani ya jani. Sikuweza kuzila.

Nikisema, kazi itaniponyoka, na baba, aliyejisifu kwa watu wote, ataona haya. Mara mbili nimefika mlangoni kwa Mama Nyasa, nikarudi.

Wakubwa zangu mnaosoma hapa, nionyesheni njia. Nianzie kwa Madamu, kwa wamama wote, au kwa Mama Nyasa peke yake? Na akinifungulia mlango, neno la kwanza nimwambie nini?