Jina Moja Kwenye Leseni

Nimelikana kwa miaka, leo nalikiri: Maalim hakuniambia kamwe nisiandike jina lake. Kila nilipoulizwa nilijibu, "Maalim hapendi kujionyesha," kwa sauti ya mtu anayemsifu mwenzake. Aliyependa kujionyesha nilikuwa mimi.

Maalim ana madrasa Mishomoroni, karibu na kwangu. Kwa muda mrefu alikusanya maneno ya Kimvita katika madaftari ya shule, mato kwa macho, nde kwa nje, mtele kwa mchele, kwa kuwa simu za wajukuu wake ziliyapigia mstari mwekundu kama makosa. Mimi nilikuwa na shahada na kompyuta. Tukawa tunakaa sebuleni kwake kila alasiri, yeye akisoma, mimi nikipiga chapa, mpaka tukapata maktaba ya msimbo: kifurushi ambacho mtunga programu yeyote angekichukua bure, na programu yake ikaacha kuyaona maneno yetu kuwa makosa.

Siku ya kukitoa hadharani nilijaza faili ya leseni. Leseni huria huruhusu karibu kila kitu: tumia, badilisha, gawa. Hudai tu kwamba jina la mwenye kazi lisiondolewe. Nikaandika langu, nikaenda kunywa chai.

Maalim ni mtu wa ijaza, ile idhini ya kusomesha ambayo mwalimu humpa mwanafunzi wake. Kwake, husomeshi kitabu bila kumtaja aliyekusomesha, na aliyemsomesha huyo, mpaka juu. Ukimruka mmoja, umeiba. Alinieleza haya mara nyingi, nami nikiitikia kwa kichwa huku napiga chapa. Hakuniuliza kuhusu leseni kwa sababu hakudhani pana la kuuliza. Akawa anawaambia wanafunzi wake kuwa jina lake limo.

Binti yake, aliye chuo kikuu, ndiye aliyeifungua ile faili. Akaja kwangu.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba anajisifu madrasani, na jina silioni. Nimwambie nini?"

"Babako hapendi kujionyesha."

"Baba? Wallahi baba akipaka mlango rangi huita majirani waje watazame."

Alipoondoka nilimwandikia Maalim barua, nikaeleza yote. Jina lake litatangulia langu, nilisema. Kisha nikamwomba ile ruhusa ambayo sikuwahi kuiomba: anakubali maneno yake yatolewe kwa leseni ile? Bila madaftari yake kifurushi ni ganda tupu, lakini jibu sikulitilia shaka. Faili yenye majina mawili nilikuwa nimeshaiandaa.

Alinipigia simu Ijumaa, baada ya sala. Akamuulizia mamangu, goti langu, maji ya bomba, kila kimoja kwa zamu yake.

"Barua nimeisoma," akasema. "Nimekusamehe, usiwe na dhiki."

"Ahsante, Maalim. Basi nilitie jina?"

"La. Maneno yangu yatoe humo."

Nikamwambia kuna watu wanayatumia tayari, na leseni ikishatolewa hairudi nyuma.

"Nani aliyeitoa?"

"Mimi, Maalim."

"Umesoma sana, mwanangu," akasema, bila ukali. "Yatoe."

Nikasema sawa. Akanitakia siku njema, kisha akangoja, kama ilivyo desturi yake, mimi nikate simu kwanza.