Shavu la Mama na Joto Lisiloonekana

Ninafundisha fizikia, na subira sina. Wanafunzi wangu ni mashahidi. Likizo ile nilivuka kwa mtumbwi kwenda kwetu Ikombe, kando ya ziwa, nikiwa nimemkasirikia kaka yangu. Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu, na kaka alishakata shauri: vyungu vya safari hii vikipasuka, mama aache ufinyanzi, akakae kwake Kyela mjini.

"Nikae nikifanya nini?" mama aliniuliza. "Nitazame ukuta nisiouona?" Iliniuma sana.

Vyungu vikiwa motoni, nilimsimulia somo nililokuwa naliandaa. Zamani mtazama nyota mmoja aliupasua mwanga wa jua ukawa rangi rangi, akapima joto la rangi hizo. Kipimajoto alichokiweka kando ya nyekundu, pasipo na mwanga wowote, kikapanda kuliko vyote. Ndivyo infraredi, mwanga wa joto usioonekana, ilivyojulikana. Baadaye watu wakaelekeza vyombo angani, wakaona nyota zilizojificha nyuma ya mavumbi.

"Ila chombo nacho kina joto lake, mama, kinajipofusha. Ikabidi wakipoze kwanza."

Mama akaendelea kuchochea moto.

Moto ukafifia, wekundu ukaisha. Mimi nikaona vimepoa, nikachukua mti mrefu nianze kuviopoa.

"Wee! Acha! Bado vina moto, upepo wa ziwa utavipasua!"

Akaenda ziwani akipapasa njia, akachovya uso majini, akarudi maji yakimchuruzika. Tabia hiyo iliniudhi tangu utotoni. Niliiona madoido matupu. Akafumba macho, akapitisha shavu juu ya vyungu bila kuvigusa.

"Hiki bado. Hiki nacho bado. Kile cha nyuma, toa."

Mungu wangu! Alikuwa anapoza chombo chake, shavu. Na mimi, na digrii yangu, miaka yote hiyo namcheka!

Tulivitoa kimoja kimoja, shavu likitoa amri, mpaka jua likaegemea milimani. Mama akavigonga vyote kwa kidole, akisikiliza. Hakuna hata kimoja kilichopata ufa. Nililia kwa furaha, wala sikuona aibu.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru, kana kwamba kazi nimefanya mimi.

Nikampigia kaka palepale. Kabla sijasema neno mama akaninyang'anya simu.

"Chumba chako mpe mwingine," akamwambia. "Mimi kesho napeleka vyungu sokoni Lyulilo."

Akanirudishia simu, akaenda kukanda udongo.