Maji ya Kabichi ya Nevyana

Nevyana ni binti wa wakulima wa pilipili, mchekaji, mwenye mikono mikubwa inayojua kazi. Nimefagia bweni hili tangu hajazaliwa, na wasichana niliowapenda kama yeye ni wachache.

Alipokuja kusoma hapa Plovdiv, baba yake alimletea pipa la kabichi iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi ichache, iwe chakula cha majira ya baridi, wakaliweka kwenye roshani. Kabichi ikianza kuchacha, maji yake hufunguliwa kwa chini na kurudishwa juu, chumvi ienee. Nevyana alipokwenda kumzika bibi yake, kazi hiyo alimwachia Kalina, msichana wa jiji la Sofia anayelala naye chumba kimoja. Kalina akafungua koki, akaona povu, akamwaga maji yote chooni na kujaza ya bomba. Kabichi ikaoza.

"Yalikuwa yananuka!" Kalina alijitetea Nevyana aliporudi.

"Kinachonuka ni ujinga wako!"

Majira yote ya baridi hawakusemezana. Mwishowe Nevyana akaomba chumba kingine, akapewa. Siku ya kuhama ikaangukia Jumapili ya kusameheana, kabla ya mfungo wa Kwaresima, ambapo mdogo humwendea mkubwa kumwomba msamaha. Kalina amemzidi miezi michache.

Godoro lilikuwa tayari mlangoni, nimelishika mimi, na Nevyana amesimama tu.

"Shangazi Stanka, eti nimwombe mimi? Si yeye aliyemwaga?"

"Usiende," nikamwambia. "Mdogo wangu alininyang'anya nyumba ya mama, na kila mwaka siku hii namngoja. Hajatia mguu. Na huyu naye aonje kungoja."

"Mpaka tuwe na sura kama yako?"

"Mtoto huna adabu!"

Lakini alishaingia chumbani alikokuwa Kalina. Akapiga magoti, akaushika mkono wa Kalina na kuubusu.

"Bibi kizee, nisamehe."

"Toka hapa! Bibi yako nani?"

"Si wewe mkubwa? Nibariki basi, kabla hujafa."

Kalina alicheka, kisha akalia. "Mungu akusamehe. Na wewe unisamehe. Kwetu kabichi hununuliwa dukani. Niliona haya kukuuliza."

"Ungeuliza tu, punda wee."

Wakakumbatiana pale chini, na mimi nimesimama na godoro kama mlingoti.

"Shangazi, lirudishe!"

"Rudisheni wenyewe, mna mikono."

Kalina akashika upande huu, Nevyana ule, wakakwama mlangoni, kila mmoja akimfokea mwenzake kwamba hajui kubeba.